Adui Asiyejieleza

FreeSpace 2, mchezo wa kompyuta wa vita vya anga za juu uliotungwa na kampuni ya Volition ya Marekani mwaka 1999, umewagawa wachezaji wake. Mwishoni maadui, Washivan, wanailipua nyota ya Capella. Kwa nini? Hata makamanda wanabaki kukisia. Wapo wanaolalamika: eti hadithi imekatwa mkia. Wengine wanasema hapo ndipo penye utamu.

Mimi nipo na hawa wa pili. Mhusika tunayemwendesha ni rubani tu, Alpha 1. Anajua anachoambiwa na wakubwa. Sasa siri ya adui angeijulia wapi? Mtunzi angefichua yote, angeuvunja mtazamo aliouchagua, na hofu ingeyeyuka. Jamani, ukimya nao ni fani.