SIKU ZA AJABU KWENYE KALENDA: IPI UUZE, IPI UACHE KUUZA

Leo tuongelee zile siku ambazo benki hazifungwi na shule haziendi likizo, lakini ukishika simu unakuta kila mtu anaziposti. Siku ya Emoji, Siku ya Chai, Siku ya Watu wa Mkono wa Kushoto. Wengi wetu tukiona siku yoyote tunaandika "PUNGUZO". Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka nilipoumbuka.

Nauza mitandio na madera. Ilikuwa Oktoba, mwezi wa uhamasishaji wa saratani ya matiti. Nikapanga mitandio yote ya pinki, nikapiga picha kali, nikaandika: "Oktoba ya pinki! Chukua miwili, tunakupunguzia 4,000." Oda zikaanza kuingia, nikafurahi. Usiku mteja wangu wa siku nyingi akanitumia ujumbe: "Mdogo wangu, mama yangu aliondoka na ugonjwa huo. Nilivyoona pinki nikajua utatukumbusha kwenda kupima. Kumbe ni mitandio tu."

Nilikaa na simu mkononi sijui nijibu nini. Nikafuta posti, nikamwomba msamaha. Akasema yameisha, ila ilipita miezi mingi bila kuagiza kitu.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba hizi siku ziko za aina mbili.

SIKU ZA KUCHANGAMKA

Hizi cheza nazo utakavyo.

✅ 17 Julai, Siku ya Emoji. Aliianzisha Jeremy Burge mwaka 2014. Alichagua tarehe hiyo kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye emoji ya kalenda ya iPhone. Wewe weka emoji tatu, wateja wabuni ni bidhaa gani dukani kwako. Wa kwanza kupatia, boda unamlipia wewe.

✅ 13 Agosti, Siku ya Watu wa Mkono wa Kushoto. Unauza mikasi, vyombo au vifaa vya shule? Waulize wateja wanaotumia kushoto wanasumbuka na nini. Majibu yao ni wazo la mzigo unaofuata.

✅ 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Hii ni rasmi kabisa, UNESCO waliitangaza mwaka 2021, lakini ni yetu. Muuza kanga, posti jina la kanga ukiacha neno moja, watu wajaze. Komenti hazitaisha.

SIKU ZENYE MAUMIVU YA WATU

Hapa ndipo wengi tunapokosea. 21 Machi ni siku ya watu wenye Down syndrome, na watu huvaa soksi zisizofanana. 28 Mei ni ya hedhi salama: namba 28 ni wastani wa siku za mzunguko, na mwezi wa 5 ni siku kama tano za hedhi. 19 Juni ni ya sikoseli. Kati ya wateja wako yupo linayemhusu, hata kama hajawahi kukwambia.

Sheria zangu ni tatu:

1. Siku hiyo posti isiwe na bei.
2. Sema jambo moja la kumsaidia mtu, mfano aende kituo gani cha afya kuulizia vipimo.
3. Ukisema unachangia, taja kiasi na kinapokwenda. Baadaye weka risiti. "Sehemu ya mauzo" bila namba ni maneno matupu.

Mwaka jana 28 Mei nilichukua faida ya wiki moja nikanunua taulo za kike, nikampelekea matroni wa shule ya jirani. Sikupiga picha ya mwanafunzi hata mmoja.

Na usidhani ni sisi tu. Mwaka 1908 huko Marekani, Anna Jarvis aliandaa ibada ya kumkumbuka mama yake. Mwaka 1914 Siku ya Mama ikawa rasmi. Wauza maua na kadi wakaivamia mpaka yeye mwenyewe akaishia kuipiga vita siku aliyoianzisha. Wafanyabiashara wenzetu hao, jamani.

Oktoba iliyofuata sikuweka mtandio wowote wa pinki. Niliandika tu kwamba dada zangu, mama zangu, ukigusa ukakuta uvimbe usisubiri, nenda hospitali. Siku hiyo sikuuza kitu. Yule dada akaichukua posti akaipeleka kwenye kikundi chake cha vikoba, chini akaandika: "Sasa hapa umesema."

Kazi ya leo: shika daftari lako la mauzo, andika siku mbili za kuchangamka na moja ya kusaidia kabla mwaka haujaisha. Kisha niambie kwenye komenti umechagua zipi na unauza nini. Nazisoma zote 🙏