Saa ya Kumi na Nne

Ramadhani hii nimekuwa nikimtazama jirani yangu mmoja, fundi seremala mvutaji wa pakiti nzima kwa siku, ambaye tangu alfajiri huranda mbao zake bila ya kugusa sigara wala kunung'unika, lakini adhana ya magharibi iadhiniwapo, na tende moja ikiisha kumshuka kooni, mkono wake huenda mfukoni kutafuta kiberiti kabla uji haujamfikia. Wenzake humwambia hana azma. Azma anayo, tena ya kumtosha saa 13; asichokuwa nacho ni hila ya kuikabili saa ya 14.

Uraibu, bila shaka, una mizizi mwilini: moshi ukivutwa, nikotini huwasili ubongoni kwa muda wa sekunde 10 hadi 20, ikaamsha dopamini, ambayo huufunza ubongo kuitamani tena starehe ile ile, na aachaye hupatwa na ghadhabu, wahaka na usingizi wa mang'amung'amu, taabu zilizo kali mno siku 3 za mwanzo, kisha hupungua kwa majuma machache, na daktari ana dawa za kuzipunguza. Silika za watu nazo hazilingani, kwani mwenye wahaka na huzuni aghalabu huirudia sigara upesi kuliko mwenye nafsi iliyotulia.

Hata hivyo, adhaniye kuwa silika imekwisha mhukumu na aisikilize habari ya Saul Shiffman, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1982 alitangaza uchunguzi wake juu ya watu walioacha sigara na waliopiga simu kuomba msaada shauku ilipowazidi. Wengi ilikuwa imewashika katika hasira, wahaka au huzuni. Lakini kiasi cha theluthi iliwashika katika furaha, wakila au wakinywa pamoja na wavutaji wenzao, na hapo naiona futari ya jirani yangu. Waliofanya lolote la kujikinga, ama kwa fikra, kama kujikumbusha sababu ya kuacha, ama kwa kitendo, kama kuondoka mahali pale, waliokoka zaidi kuliko wasiofanya kitu. Na waliounganisha yote mawili ndio waliokingika zaidi.

Nilipomsimulia haya, na kwamba shauku moja kwa kawaida hupita kwa dakika chache, fundi alimkabidhi mkewe kiberiti, akatia karafuu mfukoni, na kila akiisha kufuturu akawa anaondoka moja kwa moja kwenda msikitini.

Siku ya Idi shemeji yake alimpa sigara, akaivuta. Nilimwonya juu ya jambo alilolieleza mwanasaikolojia Alan Marlatt, kwamba sigara moja huangusha zaidi pale mtu anapoifanya ushahidi wa udhaifu wake na kuimalizia pakiti. Kesho yake asubuhi nilimkuta karakanani, karafuu mdomoni, akaniuliza shemeji akija tena Ijumaa amwambieje.