Vijana wa Dandora mnaobeba seva, ulizeni uzito kwanza

KIJANA wa Dandora anayeishi kwa kazi za mkono anazijua simu zinazoingia usiku. Kuna ya mjengo, kuna ya kupakua simiti, na siku hizi kuna hii nyingine: kampuni fulani inahama ofisi na inatafuta vijana sita wenye nguvu wa kubeba “makompyuta”. Pesa ni jioni. Wengi huenda wakidhani ni zile kompyuta za saiba. Wakifika wanakuta kabati la chuma la karibu mita mbili, limejaa mashine kutoka chini hadi juu.

Hiyo ndiyo raki ya seva. Baadhi ya kampuni zilizokuwa zikiweka seva zao kwenye kijichumba cha ofisi sasa huzipeleka kwenye vituo vya data, kama kile kilichofunguliwa Mombasa Road mwaka wa 2013 kwa jina la East Africa Data Centre. Fundi anajua kuziwasha. Anayezibeba ni wewe.

Basi tupige hesabu. Raki ya kawaida ina nafasi 42. Seva moja inayochukua nafasi mbili huwa na uzito wa kilo 25 hivi, yaani nusu ya mfuko wa simiti. Zikiwa 14, hizo ni kilo 350. Ongeza kabati lenyewe, kama kilo 120 likiwa tupu, na UPS yenye betri zake, kilo 60 au zaidi. Tayari umepita nusu tani. Wagawie vijana sita, kila mmoja anapata karibu kilo 90. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka wa 1967, liliweka kilo 55 kuwa kipimo kwa mwanamume mzima anayebeba kwa mikono. Na hapo tumejifanya kwamba uzito unagawanyika sawasawa. Kwenye ngazi haugawanyiki: walio chini ndio hubeba sehemu kubwa.

Kwa hivyo mkiambiwa “shikeni pande zote twende”, kataeni. Raki haishuki ngazi ikiwa imejaa. Hufunguliwa, seva zikatolewa moja moja, kuanzia za juu. Ukianza na za chini, kabati linabaki na kichwa kizito na linaweza kumlalia mtu. Tena usivute seva mbili mbele kwa wakati mmoja. Zikining’inia kwenye reli zake, kabati zima huinama. Kila seva ibebwe na watu wawili. Kule mnakoenda, mpangilio ni kinyume: mnajaza kutoka chini, na UPS ndiyo ya kwanza.

Hiyo UPS inahitaji heshima yake. Hata ikichomolewa ukutani, ndani bado kuna umeme. Fundi aizime na atoe betri kabla hamjaigusa, jambo ambalo pia linaipunguzia uzito sana. Betri za zamani za risasi zikibaki, msikubali kupewa kama “zawadi” ya kwenda kuvunja mtaani. Dandora inajua bei ya risasi. Uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka wa 2007 uliwachunguza watoto 328 wanaoishi karibu na jalala letu, na nusu ya waliopimwa damu walikuwa na risasi kufikia au kupita kiwango kilichokubalika wakati huo.

Msishangae pia fundi akichomoa diski zote, akaziandika namba na kuzibeba mwenyewe, au akiwakataza kupiga picha. Si dharau. Ndani mna habari za wateja, na tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, zikipotea njiani kuna mtu wa kujibu.

Barabarani, kabati tupu lisimame wima, lifungwe kwa mikanda kwenye ubavu wa Canter. Seva zilale kwenye maboksi yenye sponji, zisilaliane. Na hakuna kijana anayepanda nyuma “kushikilia mzigo”. Tuta moja tu likipigwa vibaya, mzigo ndio utakaomshikilia yeye.

Hata bila kutoka mtaani, kazi hii ipo. Wanaouza WiFi kwenye magorofa huwa na raki zao ndogo juu kabisa. Dandora ilipangwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vidogo vya nyumba za chini. Leo kwenye viwanja hivyo hivyo kumepandishwa maghorofa yenye ngazi nyembamba zinazokata kona ghafla. Pima kona kwa futi kabla ya kuinua chochote. Kukwama katikati ya ghorofa ya tatu na chuma begani si mahali pa kuanza kufikiria.

Kinachoniudhi ni kwamba mara nyingi seva ina bima na mgongo wa anayeibeba hauna. Ilhali sheria ipo. Ile ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumuumiza. Ile ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huo huo, inatambua hata makubaliano ya mdomo na malipo ya kibarua.

Shida huwa ni ushahidi. Kabla ya kupanda gari, jua jina la kampuni inayohama, si la broka aliyekupigia pekee. Ukiumia, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo mbele ya wenzako, nenda hospitali na uweke karatasi zote. Na ule ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya jioni, hata kama ni wa mia nane, usiufute.