Ibn al-Wardi: Faqihi, Mshairi na Mwanahistoria wa Tauni Kuu



Wanafunzi wengi wa Kiarabu wanamjua Ibn al-Wardi kwa kasida yake moja tu, Lamiyya, yenye beti zaidi ya 70 ambazo ndani yake anamuusia mwanawe juu ya elimu na uchaji Mungu. Kuishia hapo ni kumpunja haki yake. Mtunzi huyo alikuwa faqihi mkubwa wa madhehebu ya Imam Shafi, na mwanahistoria aliyeandika msiba wa zama zake mpaka ukamchukua yeye mwenyewe.

Jina lake ni Zayn al-Din Umar bin al-Muzaffar. Alizaliwa Ma'arrat al-Nu'man, nchi ya Shamu, mwishoni mwa karne ya 7 Hijria. Alisoma Hama kwa kadhi Sharaf al-Din al-Barizi, kisha akakaa Halab. Huko alikuwa naibu wa kadhi, lakini akaiacha kazi hiyo na kuapa kutoirudia. Wapokezi wa sira yake wanasema sababu ni ndoto aliyoiota. Umri wake uliobaki aliutumia kusomesha na kuandika.

Katika fiqhi, kazi yake kubwa ni al-Bahja al-Wardiyya. Humo alikitia katika nadhamu ya beti zipatazo 5,000 kitabu cha al-Hawi al-Saghir cha Najm al-Din al-Qazwini, ili mwanafunzi ahifadhi hukumu kwa wepesi. Uzito wa kazi hiyo unaonekana kwa kuwa Sheikhul Islam Zakariyya al-Ansari, aliyefariki mwaka 926 Hijria, aliitungia sharhe.

Katika historia, alikifupisha kitabu cha Abu al-Fida, mtawala wa Hama, kisha akakiendeleza hadi mwaka 749 Hijria. Hapo ndipo tunapokutana na tauni kuu. Ameeleza kuwa wafanyabiashara waliotoka Crimea walisimulia kuwa kadhi wa huko alihesabu waliokufa, wakafika 85,000, mbali na wasiojulikana. Tazama, ndugu msomaji: hakutaja idadi bila kusema imetoka kwa nani. Hiyo ni tabia ya mtu aliyelelewa katika elimu ya isnadi.

Aliandika pia risala juu ya maradhi hayo, akaifuata njia yake kutoka nchi za mashariki hadi Misri na Shamu. Risala hiyo ni ya saji'i, yaani nathari yenye vina; basi msomaji apambanue habari na pambo la lugha. Humo anashikamana na mafundisho kwamba tauni kwa Muislamu ni shahada. Mtume (S.A.W.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, amekataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia. Naye Ibn al-Wardi alifia Halab kwa tauni hiyo, tarehe 27 Mfunguo Tatu mwaka 749 Hijria, sawa na Machi 1349. Allah amrehemu.

Limebaki jambo moja la kutahadharisha. Kitabu cha maajabu ya dunia kiitwacho Kharidat al-Aja'ib huchapishwa mara nyingi kwa jina la sheikh huyu. Hicho si chake. Ni cha Ibn al-Wardi mwingine, Siraj al-Din, wa karne ya 9 Hijria. Ndani yake mna ngano nyingi, na anayezisoma juu ya mimbari akisema "amesema faqihi Ibn al-Wardi" anamsingizia maiti aliyekuwa akichunga kauli zake.

Basi tunawausia wanafunzi: mkihifadhi Lamiyya, fungueni na tarikhi yake, na kabla ya kunukuu kitabu, hakikisheni mwenyewe ni nani. Heshima ya mwanachuoni huanza kwa kumnasibishia alichokisema tu.

Wallahu a'alam.