Je, Wajua? Pointi, Vyuo na Mtoto wa Pemba

Je, wajua kwamba kijana anayemaliza kidato cha sita pale skuli ya Fidel Castro, Vitongoji, Pemba, hutoka na pointi za aina mbili kwa matokeo yale yale? Za kwanza ni za Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Kwa hesabu hii, kadiri pointi zinavyopungua ndivyo sifa inavyopanda, na mwenye A tatu ndiye "divisheni wani ya pointi tatu" anayepigiwa vigelegele mtaani. Za pili ni za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambazo huhesabiwa kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu na F haina kitu. Yule yule mwenye A tatu sasa ana pointi 15.

Ipo njia nyepesi ya kutoka upande mmoja hadi mwingine. Chukua 18, toa pointi za NECTA za masomo matatu ya tahasusi, na kinachobaki ndizo pointi za TCU. Mwenye B, C na C ana pointi 8 kwa NECTA na 10 kwa TCU. Mwenye C tatu ana 9 huku na 9 kule, kwa sababu C ndiyo alama pekee isiyobadilika thamani. Hesabu hii inakubali kuanzia A mpaka E tu. Ikiingia S au F, inaharibika.

Nalitaja hili mwanzo kabisa kwa sababu linawaumiza watu. Mzazi husikia kwamba kozi fulani inataka pointi nane, akamtazama mwanawe mwenye daraja la kwanza la pointi nane, akadhani mtoto amegusa ukingo tu. Kumbe kwa hesabu ya chuo ana kumi. Na kuna wa upande wa pili: mwenye pointi 12 za NECTA anayejiona amevuka kwa mbali, kumbe kwa TCU ana 6.

Je, wajua kwamba pointi zinazolingana hazifungui milango inayolingana? Mwenye A, B na E ana pointi 10 za TCU, sawasawa na mwenye B, C na C. Lakini kozi nyingi, hasa za afya na uhandisi, huweka alama ya chini kwa kila somo peke yake. Ile E ikiwa imeangukia kwenye somo linalobanwa, A iliyo pembeni yake haiokoi kitu. Kwa hiyo anayetaka kujua bahati yake aanze kusoma alama za somo kwa somo, ndipo ajumlishe.

Je, wajua kiwango cha chini kabisa cha kuomba shahada ya kwanza nchini? Ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4.0. D mbili zinatosha. Kiwango hicho kinampa mtu haki ya kujaza fomu, basi. Kima halisi cha kuingilia udaktari pale Muhimbili, au kozi yoyote inayokimbiliwa, hakipangwi na mtu yeyote mapema. Chuo hupanga waombaji wenye sifa kutoka juu kushuka chini mpaka nafasi ziishe, na pointi za yule wa mwisho aliyeingia ndizo watu watakazozitaja mwaka mzima kana kwamba ni sheria. Mwaka unaofuata waombaji ni wengine, na kima nacho huwa kingine. Kima cha mwaka jana ni dalili nzuri, lakini haijaandikwa popote kwamba kitarudi.

Na kuipima bahati hiyo kumezidi kuwa kugumu. Januari 2023, NECTA ilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, iliacha desturi ya kutaja wanafunzi bora na skuli bora kitaifa. Nadhani uamuzi ulikuwa na busara yake, maana orodha zile ziligeuka matangazo ya biashara kwa skuli zenye fedha. Hata hivyo mtoto wa Wete au Mkoani leo anazijua alama zake bila kujua amesimama wapi katika foleni ya taifa zima.

Je, wajua kwamba kwa miaka kadhaa mwanafunzi wa Tanzania hakuwa akiomba chuo moja kwa moja? Kuanzia udahili wa 2010 waombaji waliingia katika mfumo mmoja wa pamoja wa TCU, wakataja chaguo zao, na mfumo ukawagawa. Mwaka 2017 utaratibu huo ukasimamishwa baada ya Rais John Magufuli kutaka wanafunzi wachague vyuo wenyewe. Tangu hapo kila chuo kinapokea maombi yake na ada yake, na mzigo wa kukisia umerudi kwa familia. Vyuo vipi viombwe, vingapi, na shilingi ngapi zitengwe? Kwa nyumba inayongojea karafuu ndiyo ilipe, hilo ni jambo la kukaa kitako na kuzungumza.

Majirani nao wana mahesabu yao. Makerere, Uganda, huzidisha alama za masomo ya lazima ya kozi kwa 3, la ziada linalohusika kwa 2, kisha huongeza vipande vya matokeo ya kidato cha nne. Na mwaka 1990 wasichana walianza kuongezewa pointi 1.5. Kenya nako, katika kutafuta pointi za kundi la masomo, hata kipeuo cha pili kimo ndani ya kanuni.

Je, wajua kwamba mmoja wa wanafunzi hodari waliopata kutoka Pemba aliingia chuo kikuu takriban miaka tisa baada ya kumaliza skuli? Ni Maalim Seif Sharif Hamad. Alizaliwa Mtambwe mwaka 1943, akasoma Wete, akavuka kwenda Unguja kusoma King George VI, skuli ambayo baadaye ikaitwa Lumumba. Alimaliza 1963. Muda si mrefu baadaye yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, maofisa wengi wakaondoka, na serikali mpya ikawahitaji wasomi wachache waliobaki. Kijana aliyekuwa tayari kwa chuo akapewa chaki. Alifundisha Lumumba, akafundisha pia Fidel Castro huku huku Pemba. Ni mwaka 1972 ndipo alipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1975 akatoka na shahada ya daraja la kwanza ya heshima. Mtu ambaye angempima mwaka 1966 au 1968 kwa kuuliza "huyu yupo chuo gani?" angepata jibu la kukatisha tamaa, nalo lingekuwa halisemi chochote juu ya uwezo wake. Kila mwaka matokeo yakitoka, wapo vijana wa Micheweni na Chake wanaojiona wamekwisha kwa kukosa dirisha moja la udahili. Natamani kila mmoja wao asimuliwe miaka hii tisa.

Je, wajua kwamba hapo Dar es Salaam kuliwahi kuwa na wakati ambao A tatu peke yake hazikutosha kabisa? Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliwataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza, angalau miaka miwili, na chuo kikawa kinaangalia pia mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Baadaye masharti yalilegezwa, wasichana wakitangulia kuondolewa.

Mpemba mwingine alianza kazi kabla ya kusoma, tena kazi kubwa. Salim Ahmed Salim, aliyezaliwa Pemba mwaka 1942, alikuwa balozi Cairo mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22. Alisoma St. Stephen's College huko Delhi alipokuwa balozi India, na shahada yake ya uzamili akaichukua Columbia, New York, katika miaka aliyoiwakilisha Tanzania Umoja wa Mataifa. Columbia ni miongoni mwa vyuo vinavyokataa watu wengi zaidi Marekani.

Tukiwa huko huko Marekani: je, wajua idadi ya walioomba Harvard kwa masomo ya kuanza 2024? Walikuwa 54,008, na waliokubaliwa ni 1,937. Hiyo ni kama asilimia 3.6. Wengi huisoma asilimia hiyo kana kwamba ndiyo bahati ya kila mmoja, na hapo ndipo wanapokosea. Ndani ya hao elfu hamsini na nne wamo watoto wa waliosoma Harvard, wamo wanamichezo walioitwa na makocha, wamo walioomba bila matumaini. Bahati ya mmoja na ya mwingine hazifanani hata kidogo. Kesi dhidi ya Harvard iliyosikilizwa Boston mwaka 2018 ilianika jinsi wasomaji wa fomu wanavyotoa alama: masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo na hulka, kila kimoja kwa namba ambayo 1 ndiyo bora, kama ilivyo NECTA.

Jambo la fedha ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu linageuza hesabu yote. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii uwezo wa mzazi kulipa wanapoamua nani aingie, hata kama mwombaji ni wa nje ya Marekani, na wakimkubali humlipia kiasi chote ambacho familia haikiwezi. Vyuo vingi vingine vya huko, vyenye asilimia kubwa zaidi ya kukubali, humwangalia mgeni anayeomba msaada kwa jicho la bajeti. Kwa mtoto wa mvuvi wa Kojani, chuo kinachoitwa rahisi kinaweza kuwa kigumu zaidi kuliko kilichoonekana hakifikiki.

Je, wajua kwamba kuchuma karafuu kunaweza kuandikwa kwenye fomu za kuomba vyuo hivyo? Common Application, fomu inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, ina sehemu ya shughuli kumi, na miongoni mwa makundi yake limo la kazi ya malipo na limo la majukumu ya familia. Kijana anayeshinda msimu mzima akipima pishi za wachumaji, akiandika nani alipwe ngapi, ana shughuli halali kabisa. Wengi huacha nafasi hiyo wazi kwa kudhani kinachotakiwa ni klabu ya midahalo na piano. Vivyo hivyo barua ya mwalimu. Barua isemayo "ni mwanafunzi mwenye nidhamu na bidii" haimwambii msomaji wa mbali lolote. Isemayo kwamba skuli ilikosa mwalimu wa kemia muhula mzima na huyu akawa anawafundisha wa kidato cha tatu dakhalia baada ya Isha, hiyo itasomwa mara mbili.

Wapo wanaoomba vyuo kumi wakitumaini wingi utawaokoa. Kwa hesabu tupu, bahati ya asilimia 5 mara kumi hutoa kama asilimia 40 ya kupata angalau kimoja. Hesabu hiyo inadhani kila chuo huamua kivyake, hali faili linalosomwa kote ni lile lile, na udhaifu wake husafiri nalo. Ni afadhali ada ya maombi mawili ikatumika kuboresha insha moja.

Je, wajua kwamba kuna mpango wa Kenya ambamo waombaji wa vyuo kama Harvard walikuwa wakikimbizwa mita 1,500? Ni KenSAP, ulioanzishwa 2004 na mwanariadha Mike Boit pamoja na mwandishi wa Marekani John Manners, kwa vijana bora kimasomo wa Bonde la Ufa. Waliofika mwisho wa mchujo walikimbia huko nyanda za juu za Iten, hata ambaye hajawahi kushindana, kwa sababu kocha wa chuo akimtaka mtu, neno lake lina uzito mbele ya kamati ya udahili. Waanzilishi hao waliijua vyema mizani ya wanaopima.

Kwa atakaye mlango mwembamba bila kuvuka bara, upo Unguja. IIT Madras ilifungua tawi Bweleo mwaka 2023, la kwanza la vyuo vya teknolojia vya India, IIT, nje ya nchi hiyo, likiongozwa na Preeti Aghalayam, mwanamke wa kwanza kuongoza kampasi ya IIT. Lilianza na nafasi 50 za shahada ya kwanza na 20 za uzamili. India kwenyewe, mwaka 2023, zaidi ya watu 180,000, waliokwisha kuchujwa kutoka zaidi ya milioni moja, waligombea nafasi zipatazo 17,000. Hapa Zanzibar kuna mtihani wa mchujo na usaili, na bado vijana wengi wa Pemba wenye hesabu safi hawajui kwamba wanaruhusiwa kujaribu. Walimu wa fizikia, kemia na hisabati, tafadhalini.

La mwisho ni dogo nalo hupoteza watu. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa na TCU namba maalumu ya siri, kwa simu au barua pepe, ili athibitishe chuo anachokitaka ndani ya siku zilizopangwa. Wengi wa Pemba hujaziwa fomu steshenari, Chake au Wete, na asiye na simu huandikiwa namba ya kijana wa dukani. Namba ya siri ikija, inaingia kwenye simu ambayo mwenyewe hajui iko wapi. Andikeni namba ya mama.