Kazi ya kugongwa: Mike Webster, senta wa Pittsburgh

Katika futiboli ya Kimarekani, mchezo hauanzi mpaka senta aurudishe mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake. Anainama, mkono umeushika mpira uliolazwa chini. Nyuma yake kasimama kwotabeki anayeusubiri, na mbele yake, karibu kiasi cha kusikilizana pumzi, kuna jitu la kilo mia moja na ushei linalosubiri papo hapo. Mpira ukiondoka tu, senta ainuke alizuie. Wakishagongana wanajipanga upya, anainama tena, na hivyo hivyo mara sitini hivi kwa mechi moja. Wapenzi wa raga watafikiria mstari wa mbele wa skramu, ila skramu huja mara chache katika mechi nzima. Huku kugongana ndiyo ajira.

Mike Webster aliifanya ajira hiyo kwa misimu 17. Alizaliwa Machi 18, 1952 mjini Tomahawk, jimbo la Wisconsin, akakulia kwenye shamba la viazi. Baada ya kuchezea Chuo Kikuu cha Wisconsin, alichaguliwa na timu ya kulipwa ya Pittsburgh Steelers mwaka 1974, lakini katika raundi ya tano ya kuchagua wachezaji wapya, maana wataalamu walimwona mdogo wa umbo kwa nafasi ile. Mwaka huo huo Steelers waliwachukua pia Lynn Swann, Jack Lambert na John Stallworth. Wote wanne waliishia kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo.

Misimu miwili ya mwanzo alikuwa akijifunza nyuma ya senta mkongwe Ray Mansfield. Alipoikamata nafasi hiyo hakuiachia: mechi 150 mfululizo alianza yeye, hadi kiwiko kilipoteguka mwaka 1986. Pittsburgh ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, na watu wa mji huo walimwita Iron Mike, yaani Mike wa Chuma. Hata theluji ikianguka alicheza mikono wazi, kwa kuwa safu ya mbele ya Steelers ilivaa jezi za kubana, zisizompa mpinzani kitambaa cha kushika. Aliondoka na ubingwa wa Super Bowl mara nne, akamalizia Kansas City Chiefs misimu miwili, jumla ya mechi 245.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye sheria za mchezo, kwa sababu ndizo zinazoeleza mengi yaliyofuata. Webster alipoanza kazi, mzuiaji hakuruhusiwa kunyoosha mikono mbele. Ilibidi aibane karibu na kifua. Ruhusa ya kunyoosha mikono ilikuja mwaka 1978. Na hadi 1977, mlinzi aliruhusiwa kumpiga mzuiaji kibao cha kichwani, juu ya helmeti. Sasa mtu aliyefungwa mikono, anayetakiwa kulisimamisha jitu linalomjia, atatanguliza nini kama si kichwa? Helmeti huzuia fuvu lisipasuke. Ubongo ulio ndani ya fuvu unaendelea kutikisika. Watangazaji hupenda kurudia picha za mchezaji aliyeangushwa akazirai, lakini kwa mtu wa safu ya mbele hatari haikuwa kwenye dhoruba hiyo moja. Ilikuwa kwenye maelfu ya mapigo ya kawaida, ya mazoezini na ya mechini, ambayo hakuna daktari aliyeitwa kuyatazama kwa kuwa mchezaji aliinuka mwenyewe na kurudi mstarini.

Webster alistaafu baada ya msimu wa 1990, akiwa na miaka 38. Ndoa ikavunjika, pesa zikapotea, kumbukumbu ikaanza kumtoroka. Kuna nyakati alilala kwenye gari lake na nyingine kwenye stesheni ya treni ya Pittsburgh. Meno yaliyong'oka aliyarudisha kwa gundi kali. Maumivu yalipomnyima usingizi alijipiga shoti kwa kifaa cha umeme cha kujihami ili azimie. Mwaka 1997 alipoingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa huko Canton, Ohio, aliyemtambulisha jukwaani alikuwa Terry Bradshaw, kwotabeki aliyepokea mipira yake kwa miaka mingi. Hotuba ya Webster ilirefuka na kutangatanga.

Mwaka 1999 bodi ya pensheni ya wachezaji, ambayo wajumbe wake hutoka kwa wenye timu na chama cha wachezaji, ilikubali kwamba ulemavu wake ulitokana na majeraha ya kichwa aliyoyapata uwanjani. Huku bodi ikikubali, kamati ya madaktari iliyoundwa na ligi ya kulipwa, NFL, mwaka 1994 ilikuwa ikielekea kuandika kinyume chake kwenye jarida la kitabibu, kwamba wachezaji wa kulipwa hawapati madhara ya kudumu. Bodi yenyewe iligoma kuhesabu ulemavu huo tangu alipostaafu, na suala likafika mahakamani. Warithi wake walishinda. Rufaa ilimalizika mwaka 2006, mwenyewe akiwa kaburini.

Webster alifariki Septemba 24, 2002, akiwa na umri wa miaka 50. Mwili ulifikishwa kwa Bennet Omalu, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti wa kaunti ya Allegheny, ulipo mji wa Pittsburgh, Mnigeria aliyezaliwa Biafra wakati wa vita na kusomea udaktari huko Nigeria. Omalu hakuwa shabiki wa mchezo huo. Jina la Webster halikumwambia kitu. Ubongo ulionekana wa kawaida kwa macho, lakini hakuridhika. Aliagiza ukatwe vipande vyembamba, gharama nyingine akizilipa mfukoni mwake, na kwenye darubini akakuta mrundikano wa protini ya tau mahali pasipostahili katika mtu wa miaka 50, dalili ya ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Makala yake kuhusu ubongo huo ilitoka Julai 2005. Madaktari wa kamati ya ligi walidai ifutwe. Haikufutwa. Waliofuata mezani kwake ni pamoja na Terry Long na Justin Strzelczyk, wote wa safu ya mbele ya Steelers. Long alicheza safu moja na Webster.

Filamu ya Concussion ya mwaka 2015 imempa Omalu heshima anayostahili, ingawa Webster mle ndani ni mgonjwa tu, na mchezaji hodari aliyekuwa nyuma ya ugonjwa huo haonekani.

Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya bongo 111 za waliocheza NFL: 110 zilikuwa na ugonjwa ule ule aliouona Omalu. Takwimu hizo zisomwe kwa tahadhari, maana familia nyingi zilitoa bongo hizo zikiwa tayari na wasiwasi. Hata hivyo, ligi yenyewe ilikuwa imeshakiri uhusiano wa mchezo na ugonjwa huo mbele ya wabunge mwaka 2016.

Wachezaji wastaafu zaidi ya 4,500 waliishitaki ligi. Mwaka 2013 ikakubali kulipa dola milioni 765, na baadaye kikomo hicho kikaondolewa. Makubaliano yaliweka mpaka: familia ya mchezaji aliyefariki kabla ya Januari 1, 2006 ilitakiwa kwanza kuthibitisha kwamba dai lake halijapitwa na muda kisheria. Webster, ambaye ubongo wake ndio ulioifungua kesi nzima, alikuwa amefariki zaidi ya miaka mitatu kabla ya tarehe hiyo.