Uvimbe wa Taya, Ugonjwa wa Mwili Mzima

Watu wengi hufikiri kwamba kansa, au kansere kama tusemavyo hapa Karavia, hukaa mahali pamoja tu, kama mwiba mguuni. Basi husema, "Ukateni uvimbe huu, twende zetu nyumbani." Lakini sikilizeni habari ya watoto hawa.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba juu na chini, kuume na kushoto. Daktari akashangaa, maana si kawaida uvimbe kuota mahali panne pamoja. Majuma machache baadaye, huko Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa taya na wa tumbo pia. Akachunguza habari za wagonjwa wengine, akaona hata figo na ini zilishikwa. Kumbe ulikuwa ugonjwa mmoja! Huanza katika chembe nyeupe za damu, nazo hutembea kila mahali. Je, kisu kitazifuata wapi?

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, mmoja wao Ted Williams wa hospitali ya misioni ya Kuluva, walisafiri kwa motokaa maili 10,000 hivi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ilionekana kwamba ugonjwa hupatikana hasa penye joto na mvua, ndipo penye malaria nyingi. Mwaka 1964 virusi viligunduliwa ndani ya chembe za uvimbe huo. Virusi hivyo watu karibu wote wanavyo, lakini malaria ya mara kwa mara huharibu kinga ya mtoto. Kwa hiyo chandarua si kwa ajili ya homa peke yake.

Mama, ukiona meno ya mtoto yanalegea bila sababu, shavu au tumbo linavimba, au jicho linatokeza, usingoje. Uvimbe huu hukua upesi sana, kwa siku chache tu. Usikubali achanjwe chale, wala kung'olewa jino tu. Mpeleke hospitali.

Dawa yake hupita katika damu, hufika hata mahali tusipopaona, na watoto wengi wanaowahi hupona. Mara nyingi uvimbe hupungua baada ya sindano za kwanza, na hapo wazazi wengine humchukua mtoto wakidhani amepona. Sivyo. Chembe nyingine zimejificha, pengine karibu na ubongo, ndiyo maana hupigwa sindano ya uti wa mgongo pia.